Mafuta, Maji na Jeli: Mambo ya Kuuliza Kabla Kisima Hakijafunguliwa

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti katika baraza la wananchi lililofanyika Lokichar, Turkana Kusini. Tumeyachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba nakala.

  

Niseme mapema kwamba mimi si mhandisi wa mafuta. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuwauliza wanaojua, kusoma walichoandika, kisha kuwaletea kwa lugha tunayoelewana. Nimekuja leo kwa sababu ya deni. Katika baraza lililopita, mzee mmoja aliyeketi pale chini ya mti aliniuliza hivi: maji yakishaingizwa ardhini kwenye mafuta, je, hurudi? Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza, na jibu lake ni refu kidogo, kwa hivyo naomba subira yenu.

Jibu fupi ni hili: ndiyo, mzee wangu, maji hurudi. Hurudi mengi, yakiwa na chumvi, na mara nyingi huja mengi kuliko mafuta yenyewe. Gharama ya kuyapandisha, kuyasafisha na kuyarudisha chini ni miongoni mwa gharama kubwa za kisima cha mafuta. Ndiyo maana duniani kuna wataalamu ambao kazi yao yote ni kuyazuia yasipande ovyo. Mojawapo ya mbinu zao ni jeli ya polima. Tukiielewa jeli hiyo, tutaelewa pia maswali ya kuuliza kuhusu maji yetu.

Mafuta hayako kwenye ziwa

Historia tunaijua. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba kwenda Mombasa, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka nayo. Baada ya hapo tumesubiri sana. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliuza mradi wake kwa kampuni ya Gulf Energy, na matarajio yakafufuka.

Wengi wetu tunadhani kwamba chini huko kuna ziwa la mafuta. Sivyo. Mafuta yamo ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo sana kati ya chembe za mchanga ulioshikamana. Kina mama wanaochimba visima vya mchangani kwenye laga wanalijua jambo hili kuliko mimi. Ukichimba laga huoni mto. Unaona mchanga, na maji yanajipenyeza polepole mpaka kwenye shimo lako.

Kina mama hao wanajua jambo la pili. Mchanga mkubwa hupitisha maji haraka, na penye udongo wa mfinyanzi maji hugoma. Mwamba wa mafuta ni hivyo hivyo. Una tabaka zinazopitisha kwa wepesi na tabaka zinazobana, na kwingine una nyufa.

Sasa, mafuta yakitolewa kwa muda, nguvu inayoyasukuma hupungua. Wahandisi huchimba visima vingine vya kuingizia maji, ili maji yasukume mafuta kuelekea visima vya kutolea. Lakini maji ni mvivu. Hayataki kupita panapobana, hupita njia rahisi. Yakipata tabaka la mchanga mkubwa au ufa, yatakimbia humo moja kwa moja kutoka kisima kimoja hadi kingine, huku mafuta yakibaki yametulia katika tabaka za pembeni. Hapo kampuni inaingiza maji upande huu na kuyatoa upande ule, kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka.

Hesabu ambayo imekuwa ikitajwa na wataalamu kwa miaka mingi ni kwamba, kwa wastani wa dunia, kila pipa 1 la mafuta hupanda na takriban mapipa 3 ya maji. Pipa moja ni lita 159. Tuchukue mfano tu, si hesabu ya kisima chochote cha hapa. Kisima kinatoa mapipa 100 kwa siku, 75 yakiwa maji na 25 mafuta. Mapipa 75 ni zaidi ya lita 11,900, karibu mitungi 600 ya lita 20. Hiyo ni kisima kimoja, siku moja, na maji hayo huwezi kumpa hata mbuzi.

Jeli ni nini?

Polima ni kitu chenye nyuzi ndefu sana zisizoonekana kwa macho. Zipo za asili na za kutengenezwa. Utelezi wa bamia unatokana na polima. Ile poda iliyo ndani ya nepi ya mtoto, inayofyonza maji na kuwa laini kama mlenda, ni polima pia. Inayotumika sana visimani inaitwa poliakrilamaidi, na jamaa zake hutumika hata katika kusafisha maji ya mijini.

Nyuzi hizo zikiwa peke yake ndani ya maji, maji huwa mazito tu lakini bado hutiririka. Ndugu zetu wavuvi wa ziwani watanielewa nikisema hivi: nyuzi elfu moja zilizotawanyika hazishiki samaki. Ukizifunga mafundo, unapata wavu. Kwa hivyo wahandisi huongeza kemikali ya pili ya kufunga mafundo, tuiite kiunganishi. Nyuzi zikishafungwa, maji yaliyomo hukamatwa ndani ya wavu huo na mchanganyiko unakuwa jeli. Sehemu kubwa ya jeli yenyewe ni maji. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko, polima huwa nusu kilo hadi kilo chache.

Ujanja uko kwenye wakati. Mchanganyiko huteremshwa kisimani ukiwa bado mwepesi, ili uingie katika zile njia rahisi ambazo maji yanapenda. Ukishafika ndani ya mwamba, ndipo unapaswa kuganda. Njia ya mkato inazibwa. Maji yanayoingizwa baadaye yanalazimika kupita kwenye tabaka zile zinazobana, na kuyasukuma mafuta yaliyokuwa yamebaki huko.

Mbinu hii si ngeni. Katika miaka ya 1980, Robert Sydansk na wenzake wa kampuni ya Marathon nchini Marekani walitengeneza jeli inayofungwa mafundo kwa kutumia kromiamu, na ikatumiwa katika visima vya jimbo la Wyoming. Aina hiyo bado inajulikana na kutumiwa mpaka leo.

Shida ni joto

Katika sehemu nyingi za dunia, ukishuka kilomita 1 ardhini joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30. Mwamba ulio kilomita 3 chini unaweza kuwa na joto la kuchemsha chai. Jeli inapata matatizo mawili huko.

La kwanza ni kuganda mapema. Mnajua yai likitiwa kwenye maji ya moto halingoji. Jeli ya kromiamu nayo, kwenye joto kali, inaweza kuganda kabla ya kufika ilikotumwa. Ikigandia karibu na mdomo wa kisima, inaweza kuziba njia ya mafuta yenyewe.

La pili ni kuharibika baadaye. Joto likizidi takriban nyuzi 70, nyuzi za poliakrilamaidi huanza kubadilika polepole. Kama maji ya mwamba yana chumvi nyingi ya kalsiamu na magnesiamu, chumvi hizo hung'ang'ania nyuzi zilizobadilika na kuzikunjakunja. Wavu unasinyaa na kuyakamua maji yaliyomo. Mmewahi kuyaona maziwa mala yaliyokaa sana, mabonge upande mmoja na maji upande mwingine? Ndivyo jeli inavyokuwa. Iliyojaza ufa wote mwezi wa kwanza, baada ya muda inabaki bonge dogo, na maji yanapita kando yake.

Wanasayansi wamejibu kwa njia kadhaa. Baadhi wamebadilisha nyuzi zenyewe, wakichanganya poliakrilamaidi na kemikali zinazostahimili joto na chumvi. Wengine wamebadilisha kifunga mafundo. Badala ya kromiamu, hutumia viunganishi vya asili ya kaboni, kama polietilinimini, ambavyo hufunga polepole na kwa nguvu zaidi. Jeli za aina hiyo zimetumiwa katika miamba yenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Fenoli na formaldehaidi nazo hufunga vizuri kwenye joto, lakini ni sumu kwa anayezishika, na ndiyo sababu watafiti wametafuta mbadala.

Kuna pia waliolifanya joto kuwa msaidizi. Kikundi cha kampuni, zikiwemo BP na Chevron, kilitengeneza chembe ndogo sana za polima zilizokunjwa. Zinasafiri na maji ya kuingizwa zikiwa ndogo. Zikifika ndani ambako mwamba una joto, mafundo yaliyozikunja huachia, zinavimba na kuziba njia. Ni kama unga unaotiwa kwenye maji baridi ya sufuria: haubadiliki mpaka moto ushike, ndipo unakuwa uji. Jaribio la kwanza la kisimani lilifanywa mwaka 2001 katika uwanja wa mafuta wa Minas, kisiwani Sumatra, Indonesia.

Mbinu nyingine ni kutanguliza maji baridi ili kupoza mwamba kabla ya jeli kuingia. Hapa mafuta yetu ya Turkana yana la kusema. Mafuta haya yana nta nyingi. Yakipoa huganda, ndiyo maana yalipobebwa na malori yalihitaji makontena ya kuhifadhi joto. Mbinu ya kupoza inayofaa penye mafuta mepesi lazima ipimwe kwa makini mahali ambapo mafuta yenyewe yanaweza kuganda kwa baridi. Kila mwamba una tabia yake, na dawa ya jirani si lazima ikuponye wewe.

Jeli isichoweza kufanya

Ndugu zangu, sijaja kuwauzia jeli. Wala sisemi kwamba imewekwa katika kisima chochote cha hapa. Ninaeleza teknolojia ili siku ikitajwa, pasiwe na mtu wa kutufunga macho kwa maneno makubwa. Kwa hivyo lazima niseme pia isichoweza.

Jeli haitibu kila maji. Maji yanaweza kupita kwenye njia ya mkato kama nilivyoeleza. Yanaweza pia kupanda kutoka tabaka la maji lililo chini ya mafuta, yakivutwa na kisima. Au yanaweza kuingia kwa sababu bomba limetoboka au saruji ya kisima ina kasoro, na hapo pengine dawa ni kukarabati kisima. Lazima ugonjwa ujulikane kwanza. Wataalamu wa fani hii husema wazi kwamba jeli nyingi zilizoshindwa ziliwekwa bila kujua maji yanatoka wapi.

Pia jeli haina macho. Ni kweli kwamba nyingi hupunguza mwendo wa maji kuliko mwendo wa mafuta, na hiyo ni sifa nzuri. Lakini ikiingia katika tabaka la mafuta, hupunguza na mafuta pia. Ndiyo maana tabaka hilo hulindwa kwanza.

Na hili la tatu ndilo linalotugusa zaidi. Mipango ya mradi iliyowekwa mbele ya umma miaka iliyopita ilitaja kuchukua maji ya kuingiza visimani kutoka bwawa la Turkwel. Je, jeli ingepunguza maji hayo? Nilipouliza, nilitarajia kuambiwa ndiyo. Jibu si rahisi hivyo. Kila pipa la mafuta linapotoka, nafasi yake chini inahitaji kujazwa. Hitaji hilo linabaki, jeli iwepo isiwepo. Jeli hupunguza yale maji yanayozunguka bure, yanayoingia na kutoka bila kusukuma kitu. Hivyo huokoa nishati, kemikali na fedha, na husaidia kupata mafuta zaidi kwa maji yale yale.

Kinacholinda maji ya Turkwel zaidi ni kitu kingine: maji yanayopanda na mafuta kusafishwa na kurudishwa chini badala ya kutupwa. Kila pipa linalotupwa huenda likahitaji pipa jipya la maji safi kulijaza. Mzee wangu uliyeuliza kama maji hurudi, swali lako lina nusu ya pili: yakirudi juu, yanapelekwa wapi?

Fedha nazo zimo

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya kampuni. Hapana. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, mapato ya serikali kutokana na mafuta hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa Serikali ya Kitaifa, asilimia 20 kwa Serikali ya Kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Lakini katika mikataba ya kugawana mafuta, kampuni kwanza hurejeshewa gharama zake kutoka kwa mafuta hayo hayo, kwa kiwango kilichokubaliwa. Kuendesha pampu za maji ni gharama. Kusafisha maji ni gharama. Kemikali ni gharama. Maji yanayozunguka bure yanapunguza kile ambacho baadaye tunakigawana. Kwa hivyo mama anayesubiri darasa au zahanati kutokana na ile asilimia 5 ana haki ya kujua kisima kinatoa maji kiasi gani.

Maswali matano ya kubeba nyumbani

Naomba vijana mnaoandika myaandike haya.

Kwanza, kila kisima kitakapoanza kutoa, kwa kila mapipa 100 yanayopanda, maji ni mangapi, na takwimu hizo zitatangazwa lini na wapi?

Pili, maji hayo yatapelekwa wapi? Yakirudishwa chini, ni katika tabaka gani, na limetenganishwaje na tabaka za maji tunayokunywa?

Tatu, ikiwa kemikali ya kuzuia maji itatumiwa, ni ipi? Msitosheke na neno jeli. Kuna tofauti kubwa kati ya kromiamu aina ya tatu na kromiamu aina ya sita, ambayo ni sumu kali zaidi. Ulizeni jina, kiasi, na mabaki yake yatatupwa wapi.

Nne, imepimwa katika joto gani, chumvi gani, na kwa muda gani? Jeli iliyodumu wiki mbili maabara haijathibitisha kwamba itadumu miaka kisimani.

Tano, isipofanya kazi, nani atalipa gharama ya jaribio hilo?

Maswali haya si uchokozi. Ni haki. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka Serikali kuhimiza ushirikishwaji wa umma katika kulinda mazingira. Miradi ya aina hii hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya usimamizi wa NEMA, na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika haachwi nyuma: afisa anayehusika anapaswa kumsaidia ili ombi lake liandikwe. Afisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Afisi yetu ya kaunti imo ndani ya sheria hiyo, na mimi mwenyewe nimo. Mkileta ombi nisipojibu, nikumbusheni mbele ya Bwana Chifu.

Nimalizie nilikoanzia. Hapa kwetu tunajua thamani ya maji kwa sababu tumeyabeba mgongoni na kichwani. Mtu aliyechimba laga kwa mikono yake hahitaji digrii ili aelewe maji yanapenda njia gani. Mnachohitaji ni kuambiwa mambo kwa lugha yenu, mapema, kabla uamuzi haujafanywa. Mzee wangu, deni langu la kwanza nimelilipa. Swali la pili, la maji kupelekwa wapi, si langu peke yangu kulijibu. Tutakwenda kuliuliza pamoja, na majibu tutakayopewa yatachapishwa katika jarida hili hili.